Kituo cha mbali kimenyamaza: soma pengo kabla ya kupanda gari

Simu ikilia saa moja asubuhi na mtu akaniuliza, "Mbona leo tangi la Kajiado halionekani?", kitu ambacho sifanyi siku hizi ni kutafuta funguo za gari. Nimewahi kula vumbi siku nzima, kwenda na kurudi, kumbe laini ya simu iliyo ndani ya kisanduku ilikuwa imeishiwa bando. Ningelinunua nikiwa nimekaa hapa Ngara, Nairobi, na chai yangu mkononi.

Vituo ninavyozungumzia ni vya kawaida. Kuna sensa (si ile ya kuhesabu watu) inayopima kina cha maji kwenye tangi, kisima au mto, au inayohesabu mvua. Kuna kisanduku chenye kompyuta ndogo na modemu, betri na paneli ya sola. Upande wa Nairobi kuna seva inayopokea. Katikati pana mnara wa simu, au redio ya LoRa (inayotuma ujumbe mfupi mbali sana kwa umeme kidogo) ambayo kipokezi chake kimefungwa juu ya paa la ghorofa fulani. Kila kiungo kati ya hivyo huharibika kwa tabia yake, na kila tabia huacha pengo la umbo lake kwenye rekodi. Kwa hiyo fungua rekodi kwanza, na usitazame vipimo. Tazama saa. Kilinyamaza saa ngapi? Kwa ghafla au kwa kusuasua? Kiko peke yake au na wenzake?

VITUO KADHAA VIMENYAMAZA KWA PAMOJA

Kosa liko kwako. Kituo cha Kinangop na cha Kitengela havina ujamaa wowote wa kufa dakika moja. Angalia kama diski ya seva imejaa, maana seva iliyojaa hupokea simu lakini haiandiki kitu. Angalia kama anwani ya seva imebadilika. Angalia cheti cha usalama, kile kinachowathibitishia wanaounganisha kwamba seva ni yenyewe: vile vya bure vya Let's Encrypt vimetolewa kwa miaka mingi kwa muda wa siku 90, na ile programu ya kuvihuisha ikikwama, utajua siku ya tisini na moja.

Ukitaka kuhakikisha, tuma kipimo cha uongo ukitumia data ya simu yako, si intaneti ya ofisi. Ukiwa ndani ya mtandao mmoja na seva, kila kitu kitaonekana kizima wakati walio nje wanagonga mlango uliofungwa.

Kuna umbo jingine la pamoja ambalo lilinitesa wiki mbili. Vituo vya redio vilikuwa vinapoteza ujumbe mmoja kila saa, na daima ni ule wa saa kamili. Ule wa dakika ya 15, ya 30 na ya 45 ulifika salama. Vituo vipya vilikuwa vimepangwa kutuma kila robo saa, vile vya zamani kila saa, kwa hiyo ikigonga saa kamili wote walisema kwa mpigo kama abiria wanaoshuka kwenye matatu kwa mlango mmoja. Tiba yake ni ndogo: kila kituo kisubiri sekunde kadhaa kulingana na namba yake kabla ya kutuma. Namba 3 isubiri 12, namba 4 isubiri 16, na kuendelea.

Na ukiona vituo viwili tu vinapokezana, kimoja kikiingia kingine kinatoka, mchana kutwa, na mnatumia MQTT (utaratibu wa vifaa vidogo kutumiana ujumbe kupitia seva moja), basi uliweka programu ya kituo cha kwanza kwenye cha pili ukasahau kubadilisha jina. Seva ya MQTT haikubali wateja wawili wa jina moja. Akija wa pili, humfukuza wa kwanza, naye akijaribu kurudi humfukuza huyu. Badilisha jina, wataachana.

KIMOJA KIMEKATIKA GHAFLA NA HAKIRUDI

Kikikatika dakika chache baada ya saa sita usiku, ni bando, wala usiumize kichwa. Kuna mabando yanayoisha usiku wa manane na modemu haina namna ya kukuomba nyingine. Weka jedwali la tarehe za kuisha ukutani, mahali unapopaona ukinywa chai.

Kama si saa hiyo, piga namba ya laini yenyewe ikiwa ni laini inayopokea simu. Ikiita, kisanduku kina umeme na kiko kwenye mtandao, kwa hiyo kosa liko kwenye data au kwenye programu. Ukiambiwa mteja hapatikani, ama umeme umekwisha, ama mawimbi hayafiki, ama laini imefungwa. Laini iliyokaa muda mrefu bila kuongezwa salio hufungwa, na wapo wanaosajili laini za vituo kwa kitambulisho cha mfanyakazi ambaye siku moja anaacha kazi akabadilisha mambo yake. Hilo nalo utalikuta.

Ukiwa na kisanduku mezani, iulize modemu yenyewe. Amri ya AT+CREG? ikirudisha 0,1 au 0,5, imeandikishwa kwenye mtandao. Ikirudisha 0,2 inatafuta mnara, tazama antena. Ikirudisha 0,3 imekataliwa mlangoni: laini ndiyo yenye shida, hata ungeifungia antena ya urefu wa mlingoti. Nimeona fundi akibadilisha modemu tatu mfululizo kwenye 0,3.

Kisha mpigie mtu wa huko. Hapa kuna namna ya kuuliza. Ukimuuliza mzee anayelinda, "Mzee, ile mashine inafanya kazi?", atakujibu kwa adabu, "Inafanya, kijana wangu, mimi naiona hapa." Anaiona kweli, imesimama. Uliza kile anachoweza kukiona kwa macho: "Mzee, pole kwa kukusumbua. Kuna taa ndogo ya kijani chini ya kisanduku. Inawaka, imezima, au inapepesa?" Halafu: "Ile paneli ya juu bado ipo?" Siku moja jibu la swali hilo la pili lilikuwa, "Hiyo ilichukuliwa Jumapili. Nilidhani ni nyinyi." Waliokuja walikuwa na ngazi na vazi la kazi.

KINAPOTEA USIKU, KINARUDI ASUBUHI

Hii ndiyo shida niliyokutana nayo mara nyingi kuliko zote, na ndiyo ninayoipenda kwa sababu haidanganyi. Kituo kinatuma vizuri hadi saa kumi na moja alfajiri, kinakatika, kinarudi saa tatu. Kesho yake kinakatika saa tisa usiku. Kesho kutwa saa sita. Pengo linanenepa kila siku kwa upande wa kushoto. Betri haijai mchana, basi kila usiku inaanza safari ikiwa na akiba ndogo kuliko jana.

Sababu ya kurudi saa tatu na si saa kumi na mbili jua linapochomoza ni kidhibiti cha chaji. Vidhibiti vingi vya betri za volti 12 hukata umeme betri ikishuka karibu na volti 11, na havirudishi mpaka ipande tena karibu na 12.6. Hivyo kituo kinangoja jua lishike kasi.

Piga hesabu kabla ya kulaumu betri. Kituo kinachokula miliampia 50 bila kupumzika hula ampia-saa 1.2 kwa siku. Betri ya ampia-saa 7, ile ndogo ya kengele za wizi inayouzwa barabara ya Luthuli hapa mjini, hupaswi kuitumia zaidi ya nusu kama unataka iishi. Nusu ni 3.5, karibu siku tatu bila jua. Sasa kumbuka Julai ya Nairobi na ya nyanda za juu: wiki nzima mbingu ina rangi ya sufuria. Mradi uliojaribiwa Februari na ukapita utaanguka Julai bila kuharibika chochote. Aidha uongeze paneli, aidha ufundishe kompyuta kulala kati ya vipimo. Kulala ni bure.

Kama hesabu inatosha na bado pengo linanenepa, tazama paneli. Vumbi la Kajiado, kinyesi cha ndege, tawi la mkakaya lililokua tangu mwaka jana na sasa linaangusha kivuli saa tano hadi saa saba. Sisi tuko karibu nyuzi 1.3 kusini mwa ikweta, kwa hiyo jua linapita utosini na paneli ingeweza kulazwa kama meza. Usiilaze. Iinamishe nyuzi 10 hadi 15 ili mvua ioshe vumbi badala ya kuligeuza tope.

Betri yenyewe ipime ikiwa imepumzika saa chache bila paneli: 12.7 imejaa, 12.2 ni kama nusu, chini ya 11.9 imekwisha. Lakini volti ya betri iliyopumzika ni kama mgonjwa aliyelala, anaonekana mzima. Ipe mzigo, washa balbu ya gari kwa dakika moja. Ikianguka kutoka 12.6 hadi 10 na kitu, imekufa ndani, hata kama muuzaji alikuapia.

Hapa ndipo nikafanya uamuzi ulioniokolea mafuta mengi kuliko mwingine wowote: kila ujumbe unaotoka kwenye kituo ubebe pia volti ya betri, nguvu ya mawimbi, idadi ya mara kituo kimejiwasha upya, na namba ya mfululizo ya ujumbe wenyewe. Ni baiti chache tu. Namba ya mfululizo ndiyo inayokuambia tofauti kati ya ujumbe uliopotea njiani (204, 205, 208) na kituo kilichokuwa kimezima (204, 205, 206 baada ya saa sita kimya). Bila hiyo, makosa mawili ya aina tofauti kabisa yanafanana kwenye skrini.

KINAPIMA VIZURI, KIKIJARIBU KUTUMA KINAZIMA

Ukiifungua kadi ya kumbukumbu utakuta mstari wa kipimo, kisha "kuanza", kipimo, "kuanza", kipimo, "kuanza". Hakuna ujumbe hata mmoja uliofika Nairobi. Kituo kinajizima kila kinapofungua mdomo.

Modemu ndogo za 2G kama SIM800L zinataka kati ya volti 3.4 na 4.4, na zinapotuma huvuta umeme kwa mapigo mafupi, kila pigo chini ya milisekunde moja, yanayoweza kufika ampia 2. Sasa chukua waya mwembamba na kiunganishi kilicholegea, vyote pamoja viwe na ukinzani wa omu 0.3 tu. Ampia 2 mara 0.3 ni volti 0.6. Ulianza na volti 4.0, modemu inaona 3.4, ipo ukingoni. Betri ikichoka kidogo, inaanguka. Na multimita yako haitakuonyesha, maana inasoma wastani, utaona 3.9 iliyotulia huku kituo kinakufa mbele ya macho yako.

Kinachowachanganya mafundi ni kwamba mezani kilifanya kazi. Ngara mnara uko karibu, modemu inanong'ona. Ukienda Magadi mnara uko nyuma ya kilima, modemu inaambiwa ipaze sauti, na kupaza sauti ndiko kunakokula umeme. Kwa hiyo mtihani wa mezani hauna maana mpaka uifanye modemu iamini iko mbali. Mimi natumia sufuria. Natia kisanduku na antena yake ndani, nafunika na kifuniko kizito, waya za umeme zinapita ukingoni, kisha natazama nguvu ya mawimbi kwa AT+CSQ. Ikishuka kutoka 22 hadi 8 au 9, hapo tumefika Magadi. Kituo kinachotuma mara hamsini ndani ya sufuria bila kujizima kinaweza kwenda safari.

Dawa: waya nene na fupi kati ya betri na modemu, viungo vya kuchomelewa badala ya kusokotwa, na kapasita (kifaa kinachoweka akiba ndogo ya umeme wa haraka) ya maikrofaradi 1000 au zaidi karibu kabisa na miguu ya modemu. Ukiiweka upande wa pili wa kisanduku kwa sababu ndiko kulikuwa na nafasi, umejaza ndoo kisimani na kiu iko nyumbani.

Kuhusu namba za AT+CSQ: zinaanzia 0 hadi 31, na 99 maana yake haijui. Kila hatua ni desibeli 2 kuanzia −113, hivyo 10 ni −93. Chini ya 10 tarajia matatizo.

MAWIMBI YANADHOOFIKA

Yakidhoofika wakati wa mvua na kurudi baada ya siku moja au mbili za jua, kuna maji kwenye kiunganishi cha antena. Usipoteze muda kwenye programu. Fungua, utaona shaba imegeuka kijani. Kata, funga upya, zungushia utepe wa mpira unaojigandamiza, na uache kebo ining'inie kidogo chini ya kiwango cha kisanduku kabla haijaingia, maji yadondoke hapo.

Yakiwa dhaifu tangu siku ya kwanza, angalia kama antena ni ya masafa yenyewe. Redio za LoRa za megahezi 868 huuzwa pamoja na antena yoyote iliyokuwa kwenye droo. Robo ya wimbi kwenye 868 ni kama sentimita 8.6, kwenye 433 ni kama 17.3. Kwa macho antena za mpira zinafanana; kama ile ni ya waya mtupu, rula itakuambia.

Kudhoofika polepole kwa miezi ni hadithi nyingine. Tulikuwa na kituo upande wa Ruai, kama kilomita 10 kutoka kwa kipokezi. Januari mawimbi yalifika kwa desibeli −104 (kadiri namba inavyozidi kushuka chini ya sifuri, ndivyo yalivyo dhaifu). Machi, −109. Mei, −113. Nilibadilisha antena, nikabadilisha kebo, nikapandisha mlingoti mita moja. Agosti ilikuwa −118 na ujumbe mmoja kati ya mitatu unapotea. Siku moja nikapanda paani na darubini ya kuazima, nikaelekeza kule. Kulikuwa na fleti. Januari ilikuwa msingi. Sasa ilikuwa na ghorofa saba na mafundi walikuwa wanapanga vyuma vya ya nane. Kila ghorofa ilikuwa imenila desibeli mbili.

Watu hudhani mawimbi yanapita kwenye mstari mwembamba kama uzi, na kama unaona upande wa pili umemaliza. Yanahitaji nafasi kuuzunguka huo mstari, umbo la yai refu, nene katikati. Kwa kilomita 10 na megahezi 868, nusu kipenyo chake katikati ya njia ni karibu mita 30. Si lazima lote liwe wazi, lakini sehemu kubwa ya ndani, kama asilimia 60, isizibwe. Katika mji huu unaoota magorofa kama uyoga, njia uliyoipima mwaka jana si mali yako.

Tulihamisha kipokezi. Kwa muda, kabla ya kuhamisha, tulipandisha kigezo cha SF kutoka 7 hadi 10, ambacho hufanya redio iseme taratibu zaidi na isikike mbali zaidi. Kila hatua moja inakupa karibu desibeli 2.5 na inakaribia kuongeza maradufu muda wa kuwa hewani, kwa hiyo betri inalipa. Na kumbuka pande zote mbili ziwe na kigezo kimoja kama kipokezi chako ni cha aina rahisi ya kusikiliza kigezo kimoja tu. Ukibadilisha cha kituo peke yake, umejikatia simu.

VIPIMO VINAFIKA LAKINI SI VYA KWELI

Kuna namba ambazo ukizizoea unazitambua kama sura za majirani.

Joto la 85. Sensa ya DS18B20 huanza na namba hiyo inapowashwa kabla haijapima. Ukiiona, umeisoma mapema, au umeme wake unakatika kidogo. Joto la −127 ni programu yenyewe ikikuambia sensa haionekani: waya umekatika, au rezista ya kiloomu 4.7 inayofungwa kati ya waya wake wa data na wa umeme haipo.

Kina cha −1.25 kwenye sensa ya mita 0 hadi 5. Sensa za viwandani hutuma mkondo wa miliampia 4 hadi 20, ambapo 4 ni sifuri na 20 ni mwisho. Waya ukikatika mkondo ni 0, na hesabu inatoa mita 1.25 chini ya sakafu ya tangi. Huu ndio uzuri wa kuanzia 4: sifuri ya kweli na kifo havifanani. Ole wako kama aliyeandika programu "alisafisha" namba hasi zote kuwa 0. Utaona tangi tupu, utamtuma mtu awashe pampu, na maji yatafurika hadi barabarani.

Kosa ninalolikuta hapa Nairobi kuliko Mombasa ni la kanieneo ya hewa. Sensa fulani za kina hupima uzito wa maji pamoja na uzito wa hewa iliyo juu yake, halafu programu inatoa hewa. Mwongozo wa mtengenezaji unasema toa hektopaskali 1013, ambayo ni hewa ya usawa wa bahari. Sisi tuko juu, karibu mita 1,700, na hewa yetu ni karibu 830. Tofauti ya 183 ni sawa na maji ya mita 1.87. Niliitwa kutazama tangi lililokuwa na maji ya mita 2.40 na skrini inasema sentimita 53. Wenyewe walikuwa wamekwisha kubadilisha sensa mara mbili, na zote mbili zilikuwa nzima. Weka kipimahewa kidogo ndani ya kisanduku na utoe hewa ya hapo hapo, saa hiyo hiyo.

Sensa nyingine hukwepa shida hiyo kwa mrija mwembamba wa hewa unaopita ndani ya kebo. Mrija ukizibwa na unyevu, au fundi akiufunga kwa utepe ili "maji yasiingie", utaona tangi lisilotumiwa na mtu likipumua: linapanda saa nne asubuhi, linashuka saa kumi jioni, linapanda saa nne usiku, linashuka saa kumi alfajiri, kwa sentimita tatu au nne. Hayo si maji. Ni hewa ya ukanda wa tropiki ambayo hupanda na kushuka mara mbili kwa siku, kwa saa hizo hizo, mwaka mzima.

Kipima mvua nacho kina vituko vyake. Kile cha kikombe kinachopinduka huhesabu milimita 0.2 kwa kila pinduko. Mvua ikiwa sifuri wakati jirani wote wamelowa, buibui au nyigu wamehamia ndani, au jani limeziba faneli. Mvua ikiendelea kudondoka kidogo kidogo kwa saa nne nzima baada ya mawingu kuondoka, faneli imeziba nusu. Mapinduko mawili ndani ya sehemu ndogo ya sekunde ni swichi inayorukaruka, iambie programu ipuuze la pili. Na siku niliyoona milimita 40 kwa dakika nne, Januari, jua likichoma, nilimpigia mama anayetutunzia kituo. "Nilikiosha, mwanangu," akasema. "Kilikuwa kichafu sana." Nilimshukuru, nikafuta rekodi, nikamwomba siku nyingine anipigie kabla.

SAA ZIMEPINDA

Tofauti ikiwa saa tatu kamili, kituo kinaandika kwa UTC (saa ya kimataifa, iliyo nyuma ya yetu kwa saa tatu) na skrini inasoma kwa saa zetu, au kinyume chake. Mvua ya saa kumi jioni inaonekana imenyesha saa saba mchana. Andika UTC kila mahali, geuza kwenye skrini peke yake, mara moja. Nimeona mfumo ulioongeza saa tatu sehemu mbili.

Tofauti ikiwa saa sita kamili, usitafute kosa kwenye mashine. Mlinzi aliandika daftarini kwamba maji yalikatika "saa 2", naye anahesabu Kiswahili, na aliyeingiza kwenye kompyuta akaandika 02:00. Maji yalikatika saa mbili asubuhi, 08:00. Kwenye fomu zetu siku hizi kuna safu moja ya ziada: alfajiri, asubuhi, mchana, jioni, usiku.

Tarehe ya 1970 au ya Januari 2004 maana yake saa ya ndani imesahau. Ile betri ndogo bapa ya CR2032 imekwisha, au modemu haijapata saa kutoka mtandaoni. Hii inaweza kujificha nyuma ya kosa jingine: kituo kinachoamini ni mwaka 2004 kinakiona cheti cha seva yako kama ambacho bado hakijaanza kutumika, nacho kinakataa kuunganisha. Utatafuta kosa kwenye mtandao siku tatu. Programu iulize saa kwanza, ndipo ipige hodi kwa seva.

UKILAZIMIKA KWENDA

Basi umesoma pengo, umempigia mlinzi, na bado ni lazima. Beba betri iliyojaa uliyoipima jana, si ile "mpya" ya dukani. Beba modemu na sensa ya akiba zilizokwisha kupita mtihani wa sufuria, fyuzi za akiba, utepe wa mpira, kitambaa cha kupangusia paneli, na dawa ya nyigu. Kabla hujagusa kitu, piga picha ya ndani ya kisanduku na uandike volti ya betri kama ulivyoikuta. Badilisha kitu kimoja, ngoja ujumbe mmoja ufike, ndipo ubadilishe kingine. Ukibadilisha vitatu kwa pamoja kitafufuka, na hutajua ni kipi kilikuwa kimekufa.

Na ubebe laini ya mtandao mwingine kwenye simu yako. Uliyeenda kurekebisha mawimbi utahitaji kumpigia mtu wa Nairobi umuulize, "Umeiona?", nawe unasimama mahali ambapo mnara wa kituo hicho hauonekani.